Tero

Tero ni desturi ya Wajaluo wa Kisumu na kaunti jirani za mwambao wa Ziwa Victoria, ambayo kwayo mjane, aitwaye chi liel, yaani "mke wa kaburi", huchukuliwa na ndugu wa ukoo wa marehemu, ajulikanaye kama jater. Kwa kuwa kifo hakikuhesabiwa kuvunja ndoa, desturi hiyo ilikusudiwa kumhakikishia mjane na wanawe ulinzi na shamba. Hata hivyo, akikataa huonywa kwamba ataleta chira, yaani maradhi ya kukonda yanayoaminika kumpata avunjaye mwiko au wanawe, na huenda akazuiwa kujenga nyumba au kupanda mbegu kabla ya kulala na jater. Hapo desturi hugeuka ukatili. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 2(4), hubatilisha sheria yoyote ya kimila inayokinzana nayo, na sheria ya 2015 ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani huhesabu kurithi mjane kwa nguvu, pamoja na kumtakasa kwa ngono, kuwa ukatili.