Shubaka la Vitabu

Mwaka 1952 mbunifu Mfaransa Charlotte Perriand alibuni samani za vitabu kwa vyumba vya wanafunzi katika Nyumba ya Tunisia na Nyumba ya Meksiko, jijini Paris. Leo samani hizo zinatunzwa kama sanamu, na anayemiliki moja hupanga sebule nzima kuizunguka. Kwa Kiswahili tuiteje?

Wengi watasema kabati la vitabu. Lakini kabati lina milango, lina uso na mgongo, na kazi yake ni kuficha. Wengine watasema rafu. Rafu ni ubao wa kulala. Seremala akikuuliza unataka rafu ngapi, anahesabu mbao. Jina la kiungo tumelivisha mwili mzima, na kwa samani ya kawaida halidhuru.

Kwa hii ya Perriand linadhuru. Itazame kwa karibu: mbao nene zimelala, na katikati yake zimesimama bati za alumini zilizokunjwa, nyingine pana, nyingine nyembamba, zimepakwa rangi. Bati ya juu haisimami juu ya ile ya chini. Kila safu imesogea kidogo, kwa hiyo jicho halipandi wima; linavutwa pembeni, linashuka, linarudi. Kinachopendeza ni zile nafasi, kubwa kwa ndogo, kuliko hata mbao. Perriand alikuwa ameishi Japani, alikoalikwa mwaka 1940 kuishauri serikali kuhusu sanaa za viwandani, na huko alizisoma rafu zinazopishana za nyumba za jadi. Samani zake za namna hii zilikuja kuitwa Nuage, yaani wingu. Ni jina zuri, ila linasifu bila kueleza.

Sisi tunalo neno linalotaja nafasi yenyewe. Katika nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, ukuta wa ndani umejaa vidaka, au zidaka kama wasemavyo wenyewe, safu juu ya safu, kila kimoja na kingo zake za lipu iliyonakshiwa. Humo ziliwekwa sahani za kaure. Fundi aliyefanya kazi hiyo alichonga uwazi, na kidaka ni jina la uwazi huo. Kwingineko huitwa shubaka. Sidai kwamba Perriand aliwahi kuviona. Nasema tu kwamba lugha yetu ilishakuwa na jicho la aina hiyo.

Atakayepinga ana hoja: shubaka limo ukutani, haliwezi kusimama katikati ya sebule. Namjibu kwamba neno hili limeshahama mara moja. Kwa Kiarabu, lilikotoka, ni dirisha. Huku pwani likawa shimo lisilotokeza upande wa pili. Likipewa samani isiyo na mgongo, ambayo mtu anaona mwanga kati ya vitabu, litakuwa limekaribia maana yake ya kwanza.

Basi kabati libaki kwa chenye milango, rafu ibaki kuwa ubao, na samani nzima iwe shubaka la vitabu. Seremala ataelewa ukimwagiza hivi: shubaka la mninga, rafu sita, nyuma wazi.