FILIPO: JINA LA WAFALME, JINA LA WABATIZWA



Katika kitabu hiki cha yubile wengine wamesimulia habari za mapadri wa kwanza, za matofali yaliyochomwa kwa ajili ya kanisa, na za kwaya zetu. Mimi nimepewa kazi ndogo: kuandika juu ya majina yaliyomo katika kitabu cha ubatizo cha parokia. Majina hayo ni mengi mno kwa kurasa chache. Nimechagua moja tu, jina la Filipo, kwa sababu ya ulizo la kijana mumoja katika mafundisho ya wakatekumeni. Ilikuwa mwezi wa sita wa mwaka 2022, wakati mufalme Philippe wa Ubelgiji alipotembelea Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu. (Kisangani hakufika.) Kijana alisema: "Mwalimu, kumbe babu zetu walioitwa Filipo walichukua jina la mufalme wa Wabelgiji? Basi walipewa jina la mutawala, kama vile muji wetu ulivyopewa jina la Stanley." Wenzake walicheka. Lakini ulizo halikuwa la kuchekesha, na kwa nusu yake kijana alisema kweli.

Nusu ya kweli ni hii: Filipo ni jina la watawala tangu zamani sana. Linatoka katika luga ya Kigiriki, Philippos, nalo limeungwa kwa maneno mawili: philos, maana yake mupenzi, na hippos, maana yake farasi. Mupenda farasi. Katika inchi ya Makedonia, kaskazini ya Ugiriki, farasi alikuwa mali ya wakubwa. Maskini hakuweza kumulisha. Jina lenyewe lilikuwa na harufu ya utajiri. Sisi watu wa muto, ambao mali yetu ni mutumbwi na nyavu, tungesema labda Mupenda-mutumbwi.

Wafalme watano wa Makedonia walikuwa na jina hilo. Wa kwanza ni wa zamani mno, na wa ine alitawala miezi michache tu katika mwaka wa 297 mbele ya Kristu. Aliyelitukuza jina ni wa pili, aliyetawala tangu mwaka 359 hata 336 mbele ya Kristu. Alikuta ufalme zaifu, uliotishwa na jirani wa pande zote. Alipanga jeshi upya, akawapa askari mikuki mirefu sana, na katika mwaka wa 338 aliwashinda Waatene na Watebe pale Kaironea, hata Wagiriki karibu wote wakawa chini ya mukono wake. Vita vilimunyanganya jicho moja. Mwishoni aliuawa na mulinzi wake mwenyewe, katika sikukuu ya arusi ya binti yake. Mwana wake ndiye Aleksanda Mukubwa. Wa tano alipigwa na Waroma katika mwaka wa 197, na ufalme wake ulizimika katika siku za mwana wake. Huko Siria vilevile, wafalme wawili wa ukoo wa Seleuko waliitwa Filipo. Hao tunaweza kuwapita.

Filipo wa pili alifanya jambo jingine ambalo sisi watu wa Kisangani tunaweza kulielewa vizuri. Katika mwaka wa 356 alikamata muji ulioitwa Krenides, yaani Chemchemi, karibu na machimbo ya zahabu. Aliuondolea jina lake, akauita Filipi, kwa jina lake mwenyewe. Kisha katika inchi ya Watrakia alikamata muji mwingine, akauita Filipopoli. Zahabu ya machimbo yale ilifanywa feza, na feza ile nayo iliitwa kwa jina lake. Muji, machimbo, feza, vyote kwa jina la mutu mumoja!

Tuliyaona hayo hapa kwetu. Léopoldville, Élisabethville, Albertville, Baudouinville: inchi yetu ilisomwa kama orodha ya jamaa ya mufalme. Sisi tulipewa Stanley, aliyefika kwenye maporomoko ya Wagenya mwanzoni mwa mwaka 1877, na aliyeweka kituo hapa mwisho wa mwaka 1883. Na ajabu ni kwamba Stanley halikuwa jina lake la kuzaliwa. Huko Wales alizaliwa akiitwa John Rowlands, akajichukulia jina jingine alipokuwa kijana Marekani. Hivi muji wetu ulibeba kwa miaka mingi jina ambalo mwenyewe alikuwa ameliokota njiani. Katika mwaka wa 1966 tulirudishiwa jina la Kisangani.

Majina ya namna ile hayadumu sana. Filipi ya leo ni magofu tu, watalii wanakwenda kuyatazama. Filipopoli inaitwa Plovdiv, katika Bulgaria. Kama Paulo asingalipita Filipi, nani kati yetu angalilijua jina la muji ule? Lakini Paulo alipita. Matendo ya Mitume, sura ya 16, inasimulia namna alivyomubatiza Lidia, mwanamuke mufanyabiashara ya nguo za rangi ya zambarau, namna alivyotiwa kifungoni pamoja na Sila, na namna mulinzi wa kifungo alivyobatizwa usiku ule ule. Tunaposoma Barua kwa Wafilipi siku ya Mungu, tunataja jina la mufalme wa jicho moja, na hatumukumbuki hata kidogo.

Sasa tufike katika inchi ya Yezu. Luka, katika sura ya 3, anamutaja Filipo, mwana wa Herode Mukubwa, aliyetawala Iturea na Trakonitide. Alitawala tangu mwaka 4 mbele ya Kristu hata mwaka 34 kisha Kristu. Huyu hakufanana na ndugu zake. Yosefu, mwandishi wa historia ya Wayuda, anaandika kwamba alisafiri katika inchi yake na marafiki wachache, na kiti chake cha hukumu kilichukuliwa nyuma yake. Mutu akija kumulilia njiani, kiti kiliwekwa chini pale pale, na maneno yake yalisikilizwa bila kukawia. Wenye kungoja siku yao ya hukumu kwa miezi na miaka watamutamani mutawala wa namna hiyo.

Hata hivyo yeye pia alipenda jina lake. Muji wa Paneas aliujenga upya akauita Kaisaria, kwa heshima ya Kaisari wa Roma, na watu waliuita Kaisaria ya Filipo ili kuutenga na Kaisaria nyingine ya pwani. Ni katika upande ule Yezu aliwauliza wanafunzi wake: watu wanasema mimi ni nani? Ni pale vilevile Simoni aliambiwa kwamba yeye ni Petro. Katika inchi iliyojaa majina ya watawala, muvuvi alipewa jina lisilokuwa la mutawala yeyote. Na Kaisaria ya Filipo iko wapi leo? Mahali pale panaitwa Banias, maana jina la kale, Paneas, lilirudi, na luga ya Kiarabu, isiyo na herufi ya P, iliweka B. Paneas ilirudi kama Kisangani ilivyorudi.

Katika eneo la mutawala yule kulikuwa Betsaida, kando ya ziwa la Galilea. Yoane anasema katika sura yake ya kwanza kwamba Filipo mutume alitoka Betsaida, muji wa Andrea na Petro. Si ajabu basi kwamba mutoto wa kijiji cha wavuvi alikuwa na jina la Kigiriki la wakubwa. Wazazi wa zamani zote walipenda kuwapa watoto majina yenye nguvu. Jina lile halikumufanya tajiri. Kwenye mukutano wa mikate mitano, yeye ndiye aliyepiga hesabu akaona kwamba dinari mia mbili hazitoshi. Lakini jina lilimufaa siku moja. Wagiriki waliokuja Yeruzalemu kwa sikukuu walipotaka kumuona Yezu, walimukaribia Filipo kwanza. Mimi nadhani walimuchagua kwa sababu walisikia jina la kwao. Wazee wa Kisangani wanaokumbuka maduka ya Wagiriki wa hapa watakubali: mugeni akisikia jina la kwao, moyo wake unafunguka.

Nisimusahau Filipo Mwarabu, aliyekuwa Kaisari wa Roma tangu mwaka 244 hata 249. Katika mwaka wa 248 aliongoza yubile ya miaka elfu moja ya muji wa Roma, kwa michezo na nyama wengi wa pori. Eusebio wa Kaisaria aliandika habari iliyosema kwamba alikuwa mukristu. Wanahistoria wengi wa leo hawaikubali. Mwaka uliofuata yubile aliuawa katika vita na mupinzani wake. Naye alikuwa amekwisha kukiita kijiji chake Filipopoli!

Lakini Filipo anayetuhusu sisi watu weusi kuliko wote hakuwa mufalme wala mutume wa wale kumi na wawili. Ni mumoja wa wale saba wa Matendo, sura ya 6. Walichaguliwa kwa sababu wajane wenye kusema Kigiriki walisahauliwa wakati wa kugawanya chakula. Jina la wapanda farasi lilipewa kazi ya kuhudumia meza. Kisha, katika sura ya 8, tunamukuta njiani, kwenye barabara ya kushuka Gaza, akikimbia kwa miguu kando ya gari. Ndani ya gari amekaa mutunza hazina wa Kandake, malkia wa Waetiopia, akisoma kitabu cha nabii Isaya.

Hapa nawaomba wasomaji wasimame kidogo. Etiopia ya Luka si inchi tunayoiita Ethiopia leo. Ni ufalme wa Kushi, wenye muji mukubwa Meroe, kando ya muto Nili, kaskazini ya Khartoum ya leo. Kandake halikuwa jina la mutu. Lilikuwa cheo cha wanawake wakubwa wa nyumba ya kifalme kule. Basi musafiri yule alikuwa mutu mweusi mwenye cheo, msomaji wa kitabu, mwenye gari lake, aliyekuwa akitoka kusali Yeruzalemu. Aliyekuwa katika gari ni Mwafrika, na aliyekuwa na vumbi miguuni ni mwenye jina la wafalme. Musafiri aliona maji, akauliza ni nini kinachozuia yeye kubatizwa, na wote wawili wakashuka majini.

Sasa tupige hesabu. Jambo hilo lilitokea miaka michache kisha ufufuko wa Yezu. Philippe wa kwanza wa Ufaransa, ambaye kwa yeye jina hili liliingia katika viti vya wafalme wa Ulaya ya magaribi, alianza kutawala mwaka wa 1060. Mama yake Anna alitoka Kyiv, katika upande wa wakristu wa luga ya Kigiriki na Kislavo, na wengi wanasema ndiye aliyelileta jina. Kisha likaenea: sita huko Ufaransa, wengine Hispania, na mumoja wao ndiye aliyepewa visiwa vya Ufilipino. Hivi Filipo alimubatiza Mwafrika miaka elfu moja mbele ya wafalme wale wa Ulaya kulijua jina lake. Na Etiopia ya wakristu nayo ilikuwa na Filipo wake: abati wa Debre Asbo katika karne ya 14, aliyemukaripia mufalme juu ya ndoa zake, naye akafukuzwa kwa ajili ya neno hilo.

Juu ya Philippe wa Ubelgiji, jibu ni fupi. Alipokea ufalme tarehe 21 mwezi wa saba 2013, na mbele yake hakuna mufalme wa Wabelgiji aliyeitwa hivyo. Padri Gabriel Grison alianzisha misioni ya Mutakatifu Gabrieli hapa katika mwaka wa 1897. Wazee waliobatizwa katika miaka ya 1920 na 1930 hawakuweza kupewa jina la mufalme ambaye hakuwa amezaliwa. Tumutendee haki vilevile: tarehe 30 mwezi wa sita 2020 aliandika barua kwa Rais Félix Tshisekedi akieleza majuto yake juu ya majeraha ya zamani za ukoloni, na hakuna mufalme wa kwao aliyetangulia kusema hivyo. Katika mwaka wa 2022 aliyarudilia Kinshasa, akaikabizi kwa makumbusho ya taifa barakoa ya Kakungu ya Wasuku, kama kitu cha mukopo usio na mwisho. Kukopeshwa mali ya babu zako ni neno gumu kulifasiria katika luga yetu.

Tulipokatazwa majina ya ubatizo, mukatazaji hakutoka Ulaya. Katika mwaka wa 1972, kwa ajili ya siasa ya otantisite, kila raia wa Zaire alilazimishwa kuacha jina la kigeni, na padri aliyebatiza kwa jina la namna ile alitishwa kifungo. Kardinali Malula alipinga, ikampasa kukaa Roma kwa miezi. Watu wa kizazi changu walizaliwa ndani ya sheria ile. Katika kartasi za leta tuliandikwa kwa majina ya mababu peke yake, nayo ni majina mazuri, sikatai. Nyumbani, mama aliita kwa sauti ndogo jina lile lingine. Kisha mwaka 1990 kamba ililegea, na majina yakatoka nje tena.

Kwa hiyo leo wengi wana majina mawili yasiyokutana katika kartasi moja. Mukubwa mumoja anaitwa Filipo na jamaa yake yote, lakini kadi yake ya uchaguzi haimujui Filipo. Anapotaka kufunga ndoa ya kanisa, au kusimamia mujukuu wake katika ubatizo, anakuja ofisini na wasiwasi. Asihangaike. Sheria ya Ekleziya inaamuru kila parokia kuwa na kitabu cha ubatizo na kukilinda, na hakuna amri ya 1972 iliyofuta ukurasa wake. Alete mwaka wa ubatizo, jina la baba na la mama, na la musimamizi kama analikumbuka. Tutatafuta pamoja.