Kuvuta Mgongo: Tiba ya Kale, Mashine Mpya



Simu zetu siku hizi zimejaa matangazo ya vifaa vya kuvuta mgongo nyumbani: mikanda ya kujaza upepo, plastiki zilizopinda za kulalia, vitanda vya kumning'iniza mtu kichwa chini. Ahadi ni moja: pingili zitaachana, maumivu yatakwisha. Na sisi ndio wanunuzi. Tumebeba mimba na ndoo, tumeinama kufua, tumekaa juu ya mbuzi tukikuna nazi. Mtu akishafika pahala sijda inamshinda, hata hela yote ya upatu huiona ndogo. Kabla hujaitoa, tuitazame historia ya tiba hii, maana wamo na matabibu wetu wa Kiislamu.

Kuvuta mgongo si jambo la jana. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, maandishi ya tabibu wa Kigiriki, Hippocrates, yalieleza namna ya kumlaza mgonjwa kifudifudi juu ya ubao, kumfunga kamba na kumvuta kwa pande mbili, huku tabibu akimkandamiza mgongoni. Zama zile walikuwepo pia waliomfunga mgonjwa kwenye ngazi, wakaiinua juu na kuiachia ianguke ili mtikisiko unyooshe mgongo. Maandishi hayo hayo yaliwalaumu: wengi wao walitaka kuwashangaza watazamaji tu. Kwa hiyo tiba ya maonyesho nayo ni ya kale.

Elimu ile ikapita mikononi mwa Waislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika juu ya kuvuta na kukandamiza mgongo katika kitabu chake maarufu, al-Qanun. Kabla yake, huko Andalusia karibu na Cordoba, Abu al-Qasim al-Zahrawi aliandika al-Tasrif, kitabu chenye sehemu 30, ya mwisho ikiwa ya upasuaji. Humo alieleza benchi, kamba na namna ya kuvuta pingili iliyoteguka. Lakini hakusema kila mgonjwa avutwe. Alimtaka tabibu aangalie dalili kwanza: aliyeshindwa kutembeza viungo au kuzuia haja, huyo hali yake ni ya hatari. Karne ya 12 kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na Ulaya ikakitumia kwa miaka mingi.

Mwaka 1465, katika mji wa Amasya nchini Uturuki ya leo, tabibu Şerafeddin Sabuncuoğlu aliandika kitabu cha upasuaji kwa Kituruki na kukitia picha. Zimo picha za kuvuta mgongo, na zimo pia picha za wanawake matabibu wakiwatibu wanawake wenzao.

Tuangalie jambo moja hapa. Wazee hawa walikuwa wakitibu hasa mgongo uliopinda au kuteguka, kama wa mtu aliyeanguka kutoka juu. Hawakuwa wakizungumzia kiuno kinachouma baada ya kazi za ndani.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1934. Madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walieleza kwamba diski, ile nyama laini iliyo kati ya pingili, inaweza kutokeza na kubana mshipa wa fahamu. Hapo kuvuta kukapata sababu mpya: tukizitanua pingili, huenda diski ikarudi. Hospitali zikawafunga wagonjwa vitandani na mawe ya uzito. Miaka ya 1990 zikaja meza za kompyuta, na baadaye vifaa vya bei nafuu vikaingia majumbani.

Fikra ilikuwa nzuri, lakini je, inatibu? Mwaka 2013 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 32 yenye watu 2,762. Walichokiona ni kwamba kuvuta mgongo kunaleta nafuu ndogo sana au hakuleti kabisa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri kuvuta kusitumike kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu.

Utasema, "Mbona shoga yangu akilalia chake husikia raha?" Huenda ni kweli. Ukilala, uzito unaoikandamiza diski hupungua. Ila hata mkeka na mto chini ya magoti hufanya hivyo, bila kutoa senti. Na vile vya kichwa chini vina hatari: hupandisha presha ya damu na ya macho. Mwenye presha, mwenye maradhi ya moyo au ya macho, na mjamzito, wasivikaribie.

Kinachosaidia zaidi hakina tangazo: kutembea, mazoezi unayofundishwa na mtaalamu wa viungo, kutolala kitandani siku nzima. Na ukiona miguu inaishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, au mkojo umezuilika au unatoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ni dalili zile zile alizozichunga al-Zahrawi miaka elfu iliyopita.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta dawa, na dini imetupa ruhusa ya kusali kwa kukaa pale tunaposhindwa kusimama. Basi usione haya kusalia kitini huku ukijitibu, wala haya hiyo isikusukume kununua kila unachoonyeshwa. Tafuta tiba, lakini anza kwa kuuliza, kama matabibu wetu walivyoanza kwa kuangalia.

Allah awape shifaa wote wanaoumwa. Amin.