Uteuzi wa taaluma: Alama ya wastani pekee haitoshi

Mtahiniwa wa KCSE aliyejizolea C+ ametimiza kiwango cha chini cha kusomea shahada, lakini hilo halimhakikishii kozi anayoitamani. KUCCPS, iliyoundwa kupitia Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, huzingatia pia alama za masomo manne yanayohusiana na kozi hiyo. Ndipo baadhi hung'amua, wakiwa wamechelewa, kwamba alama ya C katika Hisabati imewafungia mlango wa uhandisi.

Hapo kijana hutanzwa: ajiunge na shahada yoyote ili ukoo usherehekee, au asomee stashahada ya umeme katika chuo cha kiufundi? Wazazi wengi huegemea shahada. Hata hivyo, wapo vijana wanaoanza na ufundi kisha wakapanda hadi shahada. Njia hiyo ni ndefu, ila huweza kumpa mtu kipato mapema.

Kwa waliomo katika mtaala wa CBC, ambao kundi lao la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, uamuzi huja mapema zaidi. Wakiwa Gredi ya 9, huteua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo.