Unyevu, si baridi, ndio adui wa vitambaa stoo

MAFUNDI wengi wa cherehani, pamoja na kina mama wanaounganisha viraka kutengeneza mablanketi, huwa na akiba ya vitenge, leso na mabaki ya kazi zilizopita. Nyumba inapojaa, akiba hiyo hupelekwa katika stoo ya mabati au chumba cha nje. Katika maeneo ya nyanda za juu kama vile Limuru, Kinangop na Nyahururu, ambako baridi hukaza kati ya Juni na Agosti, si ajabu mwenye mali kufungua mzigo wake baadaye na kulakiwa na uvundo na madoadoa meusi.

Lawama huelekezwa kwa baridi, nayo haistahili. Baridi kavu haidhuru pamba. Makavazi hugandisha nguo za kale kwa makusudi ili kuwaua wadudu. Kinachoharibu ni unyevu.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Mchana jua linapochoma mabati, hewa ya ndani hujaa mvuke utokao sakafuni, ukutani na hata katika vitambaa vyenyewe. Usiku bati hupoa upesi, mvuke hugeuka matone, nayo hudondoka alfajiri juu ya chochote kilicho chini. Ndiyo maana stoo isiyovuja mvua hata kidogo huweza kulowesha mali. Pamba nayo hunyonya unyevu huo kimyakimya. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi kwa siku kadhaa, kuvu huanza kuota. Wahifadhi wa makavazi hupendelea takriban asilimia 50.

Wapo wanaowasha jiko la mafuta ya taa ili kukausha chumba. Ni kazi bure, kwani lita moja ya mafuta hayo ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Jiko la makaa nalo huleta hewa yenye sumu, mbali na hatari ya moto.

Dawa huanza kabla ya kufunga mzigo. Kitambaa kifuliwe ili kuondoa wanga unaokifanya kiwe kigumu, kwa kuwa mende hupenda wanga huo. Kianikwe siku kavu, kipigwe pasi, kisha kiachwe kipoe kabisa. Kikitiwa katika plastiki kingali na fukuto la pasi au umande, unyevu hufungiwa humo pamoja nacho. Kikiwa kikavu kwelikweli, ndoo au kasha la plastiki lenye kifuniko cha kubana hufaa sana. Sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, huwazuia panya vyema, lakini hutoa jasho na kutu. Litandikwe shuka kuukuu la pamba lililo safi. Mbao tupu zisigusane na kitambaa, kwani asidi yake hukigeuza rangi.

Makasha yainuliwe kutoka sakafuni, yaachiwe nafasi na ukuta, wala yasikae moja kwa moja chini ya mabati. Yanapoingizwa katika nyumba yenye joto, yaachwe yamefungwa kwa saa kadhaa. Yakifunguliwa papo hapo, mvuke wa nyumba hutua juu ya kitambaa baridi.

Jambo linalohitaji hadhari zaidi ni tembe za naftalini. Viwavi wa nondo hula sufu na hariri, si pamba safi, hivyo kuzitia katika akiba ya vitenge ni hasara tupu. Isitoshe, watoto waliorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana zaidi katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria kama vile Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wanaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu kwa kuvuta mvuke wake. Mtoto mchanga kamwe asifunikwe blanketi lililotolewa humo bila kufuliwa na kuanikwa. Mwenye sufu anaweza kuifunga vyema katika plastiki na kuigandisha kwa nyuzi 18 chini ya sufuri kwa wiki mbili. Baridi ya Limuru, japo hutetemesha, haifiki huko.

Kila baada ya miezi mitatu mzigo ufunguliwe siku ya jua na vitambaa vikunjwe upya mahali tofauti, kwa sababu mkunjo wa kudumu hukata nyuzi. Kilichoshikwa na kuvu kitengwe mara moja, kipelekwe nje na kupigwa brashi, mhusika akiwa amefunika pua na mdomo, kisha kifuliwe. Madoa meusi yaliyokwisha kuzama katika nyuzi mara nyingi hayatoki, na dawa ya kung'arisha hula rangi ya kitenge kabla ya kuyafikia.