Mlima Uliotoka Bila Rangi

Ukiwa Beni asubuhi ambayo ukungu umeondoka, unauona Ruwenzori upande wa mashariki, ng'ambo ya bonde la Semuliki. Theluji hujitokeza kwa muda mfupi, kisha mawingu yanaifunika tena. Juni 1906 msafara wa Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, ulifika kilele cha Margherita, chenye mita 5,109. Mpiga picha wa msafara huo, Vittorio Sella, aliteremka na picha ambazo hadi leo wapanda milima huzitazama kwa heshima. Zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Mlima wetu ulisambaa duniani bila kijani cha mabonde yake.

Nimeukumbuka mlima huo kwa sababu mezani kwangu, hapa Butembo, kuna karatasi ya fotokopi yenye mandhari ya milima iliyochorwa kwa mistari mitupu. Ni ukurasa wa kitabu cha kupaka rangi, na hakikukusudiwa watoto.

Vitabu hivi vilianza kwa watu wazima kabla ya kuwafikia watoto. Karibu mwaka 1760, mchapishaji Robert Sayer wa London alitoa kitabu cha maua kwa mabwana na mabibi waliotaka kujifunza kupaka rangi. Watoto walipata chao baadaye: mwaka 1879 kampuni ya McLoughlin Brothers ya New York ilichapisha kimoja chenye michoro ya Kate Greenaway, na tangu hapo kazi hii ikahesabiwa kuwa ya shule ya chekechea. Mwaka 1951, Dan Robbins wa kampuni ya rangi ya Palmer mjini Detroit aliwarudisha watu wazima mezani kwa picha zenye namba, kila namba na rangi yake, na mandhari zikapendwa sana. Mwaka 2013 Mskoti Johanna Basford alitoa kitabu chake cha bustani, kikauzwa kwa mamilioni.

Namba za Detroit zinanisumbua. Anayekuambia kwamba sehemu ya 7 ni bluu amekwisha kuamua mto wako una rangi gani. Ndiyo maana napenda kuwaambia wenzangu habari za Hangar.

Mwaka 1946, mjini Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyoitwa Le Hangar. Alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni, na mawazo yake kuhusu Mwafrika yalikuwa na kasoro za enzi hiyo. Lakini jambo moja alilifanya vizuri: hakutaka wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Tazama kilichotokea. Bela Sara, mzaliwa wa Chad, aliacha brashi akapaka kwa ncha za vidole, na majani yake yakawa alama za vidole zilizopangana. Pili Pili Mulongoy alijaza nyuma ya samaki na ndege zake kwa vidoti na vistari vidogo visivyohesabika, mpaka maji yakaonekana yanatembea. Mwenze Kibwanga alipitisha mistari mifupi iliyokatana, kwa rangi chache za udongo, na picha zake huonekana kama kitambaa kilichofumwa. Desfossés alifariki mwaka 1954, lakini mikono hiyo mitatu bado inatambulika kwa mbali.

Kwa mwenye kreyo za rangi, hawa ni walimu. Anga si lazima uisugue mpaka karatasi ing'ae. Ijaze kwa vidoti vya Pili Pili, uone hewa inavyoingia. Kilima cha mbali kipe mistari myepesi ya Mwenze, kwa sababu mlima wa mbali hupauka na kuelekea kijivu, na ukiupa kijani cha mgomba wa jirani utaonekana umeangukia mlangoni. Unapochagua kitabu, tafuta ukurasa wenye karibu, kati na mbali vinavyojulikana, na nafasi pana zisizojaa vimistari. Nyuma ya karatasi pawe patupu. Fotokopi ya kawaida huvumilia kreyo, ila rangi ya maji huikunja na kuitoboa.

Neno muhimu zaidi pia limetoka Lubumbashi. Miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani huko walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na picha zao zikatundikwa sebuleni: kijiji cha zamani, mamba muntu (nguva wa hadithi), matukio ya ukoloni. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian zaidi ya picha 100 za historia ya nchi kati ya 1973 na 1974. Kazi ya picha hizo iliitwa ukumbusho. Hazikuwa pambo tu: aliyezitazama alianza kusimulia.

Hilo nililiona kwa mama mmoja jirani yangu, aliyeikimbia wilaya ya Beni katika mauaji yaliyoanza Oktoba 2014. Nilimpa ukurasa wenye vilima, nyumba tatu na mto. Sikumwambia kwamba utamponya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kuwa kupaka rangi maumbo yenye mpangilio hupunguza wasiwasi wa muda, lakini wasiwasi wa muda na msiba ni vitu viwili. Nilimpa kwa sababu alipenda kukaa nami jioni.

Alianza kwa kusahihisha. Alichukua bic nyeusi akachora njia kutoka nyumba ya katikati hadi mtoni, kwa sababu, alisema, nyumba isiyo na njia ya maji haina watu. Akaongeza mikaratusi nyuma ya paa, kisha migomba. Mistari ya kitabu ilipopinga, aliipita. Njia hiyo akaipaka wekundu wa udongo wetu, anga akaipa kijivu cha asubuhi ya Semuliki. Akafika mtoni, akaupaka kahawia, polepole, tabaka juu ya tabaka, huku akinieleza walipokuwa wakifulia na jiwe gani lilikuwa lao.

Kreyo ya kahawia imebaki fupi kama punje ya mahindi. Ile ya bluu bado ina ncha ya kiwandani.