Historia fupi ya seva inayokatwa vipande

Leo tuzungumzie VPS, yaani seva moja kubwa inayokatwa vipande na kila mteja kupewa chake. Mimi naandika programu nikiwa hapa Lugulu, na mifumo mingi ya wateja wangu wa Bungoma na Kitale inakaa kwenye vipande kama hivyo. Mwaka jana chama kimoja cha akiba na mikopo kililipia kipande cha bei nafuu kwa mwaka mzima. Kumbe VPN ya kuunganisha matawi yake mawili haiwezi kufanya kazi humo, na pesa zilikuwa zimeshaenda. Kwa nini kipande kimoja kikubali programu na kingine kiikatae? Jibu liko kwenye historia.

Wazo hili lilianzia IBM. Mwaka 1967 mfumo wao wa CP-67 uliigawa kompyuta ya System/360 Model 67, hata kila mtumiaji akaona kana kwamba ana mashine yake peke yake. Mwaka 1972 ikafuata VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakaandika sharti la kazi hiyo: programu ya mteja ikitoa amri yoyote inayogusa hali ya mashine nzima, prosesa lazima isimame na kumwita msimamizi wa vipande.

Prosesa za x86, ambazo ndizo zilizojaa kwenye kompyuta zetu, hazikutimiza sharti hilo. Chukua amri ya POPF. Programu isiyo na mamlaka ikiitumia kuiambia prosesa isisikilize vifaa, prosesa haimwiti msimamizi, inapuuza tu kimya kimya. Msimamizi hajui kilichoombwa, na mfumo ulio ndani ya kipande unadhani umetii.

Watu wakatafuta njia za kuzunguka, na kila njia ilikuwa na bei yake. VMware, mwaka 1999, walizisoma amri zenye matata na kuzitafsiri kabla hazijafika kwenye prosesa. Karibu kila mfumo ulikubali, lakini tafsiri hiyo ilikula nguvu za mashine. Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2003, iliufanyia mfumo wenyewe marekebisho ili ujue kwamba unaishi ndani ya kipande. Kwa Linux hilo liliwezekana. Kwa Windows, ambayo msimbo wake umefungwa, ilikuwa shida.

Njia ya tatu ndiyo iliyoshusha bei: FreeBSD jail mwaka 2000, Linux-VServer mwaka 2001, na OpenVZ mwaka 2005. Hapa wateja wote wanatumia keneli moja. Fikiria ploti ya vyumba vya kupanga yenye mita moja ya stima: una mlango na ufunguo wako, lakini mita si yako. Huwezi kuweka Windows humo, huwezi kuongeza moduli ya keneli, na VPN inayohitaji kifaa cha TUN inangoja ruhusa ya mwenye seva. Hapo ndipo chama kile kilipokwama. OpenVZ 6 ilitumia keneli 2.6.32, wakati Docker, iliyotoka mwaka 2013, ilikuja kutaka 3.10 kwenda juu. Hata maktaba ya glibc 2.26 ya mwaka 2017 ilidai angalau 3.2.

Dawa ilitoka kwa watengenezaji wa prosesa wenyewe. Intel walileta VT-x mwaka 2005, AMD wakaleta yao mwaka 2006. Februari 2007 KVM ikaingia ndani ya Linux 2.6.20, na kipande kikapata keneli yake chenyewe.

Sisi huku tulikuwa bado kwenye setilaiti. Waya wa SEACOM ulianza kazi Mombasa mwaka 2009, na ndipo kukodi kipande cha Ulaya na kukiendesha kutoka mbali kulipoanza kuwa kazi ya kawaida. Hata M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, mitambo yake ilikuwa Ujerumani mpaka ikahamishiwa Kenya mwaka 2015, na wakati huo huo ikabadilishiwa jukwaa. Ukihama, unauliza upya kama kila kitu kitakubali.

Na swali halijaisha. Tangu Amazon walipotoa Graviton mwaka 2018, vipande vya prosesa za ARM vimeenea, na mara nyingi ni vya bei rahisi. Programu iliyokompailiwa kwa x86 haitawaka humo mpaka uikompaili upya, na kama ni ya kununua na mwenyewe hana toleo la ARM, umekwama.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kulipa mwaka mzima, lipia mwezi mmoja kwanza. Andika systemd-detect-virt uone ni kvm, lxc au openvz. Andika uname -r uone keneli, kisha lscpu uone prosesa. Halafu washa programu yako ngumu kuliko zote, si ile nyepesi. Ikikubali, lipa mwaka. Ikikataa, umepoteza mwezi tu.